EKOGRAFI YA MIMBA CHANGA: KARATASI IKIONYESHA KASORO, TUFANYE NINI?

Somo la leo ni kwa mama mwenye mimba changa, yaani mimba ambayo haijatimiza miezi mitatu. Ni somo pia kwa baba, mama mkwe, shangazi na majirani, kwa sababu hao ndio wanaomshauri mama anaporudi nyumbani na karatasi mkononi.

Tutazungumza juu ya kipimo cha ultrasaundi. Sisi tuliotoka Kongo na Burundi tumezoea kukiita ekografi. Hapa Uganda wengi wanakiita skani. Ni kitu kimoja.

Sisi wahudumu wa afya wa kujitolea tunapotembelea nyumba hapa Nakivale, kuanzia Base Camp mpaka Juru na Rubondo, tunasikia maneno yanayotisha: "Wameniambia mfuko ni mtupu." "Wamesema moyo hauonekani." "Kizazi hakina kitu." Mama mmoja anaposikia hivyo anakunywa dawa za majani siku hiyohiyo ili asafishe tumbo, kumbe mimba yake ni nzima, ni changa tu. Mama mwingine ananyamaza na kungoja, kumbe mimba yake iko nje ya kizazi na inaweza kumuua kwa saa chache. Kuharakisha mahali pa kusubiri, na kusubiri mahali pa kuharakisha, yote mawili yanaleta msiba.

Baada ya somo hili utaweza:
- kuhesabu umri wa mimba yako;
- kuelewa maneno na herufi za karatasi ya ekografi;
- kujua ni majibu gani yanahitaji kupimwa tena na ni yapi yanahitaji matibabu haraka;
- kujua mimba ya namna hiyo huishia wapi kwa kawaida.

1. EKOGRAFI INAFANYAJE KAZI?

Mashine hutuma sauti ambayo sikio letu halisikii. Sauti hiyo hugonga vitu vilivyo tumboni na kurudi, na mashine huigeuza kuwa picha. Haina mionzi kama eksirei. Haiui mtoto wala haisababishi mimba kutoka.

Kuna njia mbili za kupima. Ya kwanza ni juu ya tumbo: mama hupakwa mafuta maalum, na kama mimba ni changa huombwa anywe maji kwanza ili kibofu kijae na picha ionekane vizuri. Njia ya pili ni ya ndani: kifaa chembamba kilichovishwa kondomu safi huingizwa ukeni taratibu. Kwa njia hii mama huenda haja ndogo kwanza. Kipimo cha ndani huonyesha mimba changa mapema zaidi kwa sababu kifaa kiko karibu na kizazi. Hakimdhuru mtoto. Mama ana haki ya kuelezwa kabla, ya kuomba mwanamke awe karibu naye, na ya kukataa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linashauri kila mama apimwe ekografi mara moja kabla ya wiki ya 24, na ahudhurie kliniki ya wajawazito mara 8. Kwa hiyo kama huna maumivu wala damu, si lazima kukimbilia ekografi wiki ya 5. Ukipimwa mapema mno, mara nyingi unarudi na wasiwasi bure.

2. HESABU UMRI WA MIMBA KWANZA

Hakuna jibu la ekografi linaloeleweka bila kujua wiki za mimba. Wiki huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Hazihesabiwi kuanzia siku ya kukutana na mume, wala siku ulipokosa hedhi.

Mfano: hedhi ya mwisho ilianza tarehe 10 Mei. Leo ni tarehe 18 Juni. Zimepita siku 39. Gawa kwa 7: mimba ina wiki 5 na siku 4.

Wengi wetu hatuandiki tarehe. Basi kumbuka kwa kitu kingine: siku ya kugawa chakula au pesa, siku ya soko, Pasaka, Idi, siku watoto walipofungua shule. Mwambie mpimaji, "Damu ilianza siku mbili baada ya kugawa chakula," naye ataweza kukadiria tarehe.

Mwambie pia kama:
- hedhi yako haiji kila mwezi kwa utaratibu;
- ulikuwa bado unanyonyesha;
- uliacha karibuni sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3 au vidonge.

Katika hali hizo yai huweza kutoka kwa kuchelewa. Hesabu ikasema wiki 8 wakati mimba kwa kweli ni ya wiki 5 tu. Hapo ndipo wengi wanapoambiwa "mfuko mtupu" kabla ya wakati.

3. NINI HUONEKANA WIKI GANI?

Kwa kipimo cha ndani, mimba nzima huonekana hivi:
- Karibu wiki ya 5: mfuko mdogo wa mimba ndani ya kizazi, kama tundu jeusi.
- Wiki 5 na nusu: ndani ya mfuko kuna kiduara kama pete. Hicho ni kifuko cha kiini, kinachomlisha mtoto mwanzoni.
- Karibu wiki ya 6: mtoto mdogo sana, mwenye milimita chache tu, na moyo unaanza kuonekana ukipiga.
- Wiki ya 8: mtoto ana urefu wa milimita 16 hivi.
- Wiki ya 12: ana sentimita 5 na zaidi, kichwa, mikono na miguu vinaonekana.

Kwa kipimo cha juu ya tumbo, ongeza karibu wiki moja. Yaani kama moyo hauonekani juu ya tumbo wiki ya 6, hilo peke yake si kasoro.

Moyo nao una mwendo wake. Wiki ya 6 hupiga kama mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha huongeza kasi mpaka karibu 170 wiki ya 9. Usishangae: moyo wa mtoto wa tumboni hukimbia kuliko wa mtu mzima.

4. HERUFI ZILIZO KWENYE KARATASI

Karatasi nyingi huandikwa kwa herufi za mkato. Hizi ndizo za muhimu:
- LMP: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho.
- GS: mfuko wa mimba. MSD: wastani wa upana wa mfuko huo kwa milimita.
- YS: kifuko cha kiini.
- CRL: urefu wa mtoto kutoka kichwani hadi matakoni.
- FHR: mapigo ya moyo wa mtoto kwa dakika.
- EDD: tarehe inayokadiriwa ya kujifungua.

Itunze karatasi hiyo pamoja na kadi ya kliniki. Usiitupe hata kama jibu ni baya. Kipimo cha pili hakina maana kama hakuna cha kwanza cha kulinganisha nacho.

5. MAJIBU YANAYOSUMBUA NA MAANA YAKE

A. Mfuko upo, mtoto haonekani

Kuna mambo mawili. Huenda mimba ni changa, au huenda mimba ilisimama kukua mapema na mfuko umebaki peke yake. Kwa kipimo kimoja mara nyingi haiwezekani kutofautisha.

Zamani mipaka ya kuamua ilikuwa midogo. Katika nchi nyingi mfuko wa milimita 16 au 20 bila mtoto ulitosha kusema mimba imekufa. Wataalamu waliona kwamba mipaka hiyo inaweza kuua mimba nzima kwa makosa. Uingereza ilibadilisha mwaka 2011, na Marekani wataalamu walitoa mipaka kama hiyo mwaka 2013. Siku hizi, kwa kipimo cha ndani, mfuko lazima ufike wastani wa milimita 25 au zaidi bila mtoto ndipo iweze kusemwa kwa uhakika kwamba mimba imesimama. Chini ya hapo, mama husubiri na kupimwa tena.

Mwisho wake: ukirudi baada ya siku 14 na mtoto mwenye moyo unaopiga anaonekana, furahi, ni mimba changa tu. Mfuko ukiwa bado hauna mtoto baada ya siku hizo 14, mimba hiyo haitaendelea.

B. Mtoto anaonekana, moyo haupigi

Kama mtoto ana urefu chini ya milimita 7, subiri. Pima tena baada ya siku 7 au zaidi kwa kipimo cha ndani, au siku 14 kama ulipimwa juu ya tumbo. Kama ana milimita 7 au zaidi kwa kipimo cha ndani na moyo haupigi, mimba imekufa. Hata hapo ni vizuri mtu wa pili aangalie, au kipimo kirudiwe, kabla ya kuanza dawa. Uliza bila aibu: "Naomba nipimwe tena kabla ya kusafishwa." Kama huna homa, huna damu nyingi na huna maumivu makali, kusubiri wiki moja au mbili kwa kawaida hakukudhuru.

C. Moyo unapiga polepole

Wiki ya 6 hadi ya 7, mapigo chini ya 90 kwa dakika ni dalili mbaya. Mimba nyingi za namna hiyo hutoka kabla ya miezi mitatu. Lakini si zote. Hakuna dawa ya kuharakisha moyo huo. Kinachofanyika ni kupima tena baada ya wiki moja. Mama aambiwe ukweli huo ili moyo wake ujiandae, na asiuziwe sindano za bure.

D. Moyo unapiga vizuri lakini mama anatoka damu

Jibu hili lina matumaini. Zaidi ya mama 8 kati ya 10 wanaotoka damu kidogo huku moyo wa mtoto ukiwa umeonekana, mimba yao huendelea. Hata hivyo, damu ikizidi au maumivu yakianza, rudi kituoni.

E. Damu imejikusanya pembeni ya mfuko

Hii huonekana kama doa jeusi kati ya mfuko wa mimba na ukuta wa kizazi. Doa likiwa dogo na moyo unapiga, mimba nyingi huendelea, na damu hiyo hunyonywa na mwili au hutoka kidogo kidogo. Doa likiwa kubwa, hatari ya mimba kutoka huongezeka. Kulala kitandani wiki nzima hakujathibitishwa kuzuia mimba kutoka. Lakini mama anayetoka damu apunguziwe kazi nzito, asaidiwe maji na kuni. Hiyo ni huruma na busara ya nyumba.

F. Mifuko miwili, lakini mtoto mmoja tu ana moyo

Wakati mwingine mimba huanza ikiwa ya mapacha, kisha pacha mmoja husimama kukua mwanzoni kabisa. Mwili humnyonya taratibu. Mara nyingi mtoto aliyebaki huendelea vizuri. Mama hahitaji kusafishwa.

G. Kipimo cha mkojo kinaonyesha mimba, lakini kizazi ni kitupu

Hapa tuwe macho. Kuna njia tatu: mimba ni changa mno kuonekana, mimba imeshatoka yote, au mimba iko nje ya kizazi. Hii ya tatu hutokea kwa mimba 1 au 2 kati ya 100, na mara nyingi hukaa katika mrija wa uzazi. Mrija ni mwembamba. Mimba inapokua, mrija hupasuka na damu humwagika ndani ya tumbo, pengine bila damu nyingi kuonekana nje.

Mimba ya nje ya kizazi haiwezi kuhamishwa iingie kizazini, na mtoto wa mrijani hawezi kukua mpaka kuzaliwa. Matibabu ni upasuaji, au dawa maalum kama imegunduliwa mapema na mama hana maumivu makali. Ukiambiwa kizazi ni kitupu na wewe una mimba, usirudi nyumbani bila kuuliza: "Je, wameangalia kama iko nje? Nirudi lini?" Mara nyingi daktari huhitaji kupima kiwango cha homoni ya mimba katika damu mara mbili, kwa kuachana saa 48.

Mwisho wake: mimba hiyo haiokoki, lakini mama akitibiwa mapema huokoka. Wengi huzaa tena, hata akibaki na mrija mmoja. Kwa kuwa hatari ya kurudia ni kama 1 kati ya 10, mimba ijayo apimwe mapema, karibu wiki ya 6 hadi ya 7.

H. Mimba zabibu

Kondo huota vibaya na kujaa vifuko vidogo vya maji kama shada la zabibu. Mama hutapika kupita kiasi, tumbo huwa kubwa kuliko miezi yake, na damu hutoka. Kwa kawaida hakuna mtoto anayeweza kuishi. Si uchawi, na mama hakuzaa "kitu". Ni kasoro iliyotokea yai na mbegu vilipokutana.

Kizazi husafishwa hospitali kwa mashine ya kuvuta. Baada ya hapo kazi haijaisha: mama lazima arudi kupimwa homoni ya mimba kwa miezi kadhaa mpaka iishe, na atumie uzazi wa mpango muda huo. Sababu ni kwamba kwa mama wachache, kama 15 kati ya 100 wenye mimba zabibu kamili, mabaki huendelea kukua kama saratani na huhitaji dawa. Wakifuatiliwa, karibu wote hupona. Anayeacha kurudi ndiye anayepotea. Ukihama kambi au ukipata safari ya kwenda nchi nyingine kabla hujamaliza, chukua karatasi zako na mwambie mhudumu wa huko.

I. Kasoro ya mtoto mwenyewe, wiki ya 11 hadi ya 14

Katika muda huu mpimaji anaweza kuona fuvu la kichwa halikufunga. Mtoto wa namna hiyo haishi baada ya kuzaliwa, au huishi saa au siku chache. Anaweza pia kuona maji mengi nyuma ya shingo, milimita 3.5 au zaidi. Maji ya shingo hayamaanishi moja kwa moja kwamba mtoto ni mlemavu. Wako wanaozaliwa wazima. Yanamaanisha kwamba apimwe tena hospitali kubwa, hasa moyo wake. Kwa mimba zijazo, vidonge vya foliki asidi vya mikrogramu 400 kila siku, vikianzwa kabla ya kushika mimba, hupunguza kasoro za fuvu na uti wa mgongo.

6. NENDA KITUONI SASA HIVI, USINGOJE SIKU YA KIPIMO

Hata kama umeambiwa urudi baada ya wiki mbili, nenda mara moja, mchana au usiku, ukiona:
- maumivu makali ya tumbo la chini, hasa upande mmoja;
- maumivu ya bega pamoja na maumivu ya tumbo;
- kizunguzungu, kuzimia, jasho baridi;
- damu inayolowesha kabisa pedi au vitambaa viwili vikubwa kwa saa moja;
- homa, au uchafu ukeni wenye harufu mbaya.

Usiende peke yako. Mwite mhudumu wa afya wa kijiji chako ili atafute ambulensi. Ikichelewa, panda boda na mtu wa kukushika nyuma. Kituo cha daraja la tatu hakina kwa kawaida chumba cha upasuaji. Cha daraja la nne kinapaswa kuwa nacho. Kwa hiyo mkubali mapema mkipewa rufaa, hata ya kwenda Mbarara. Ndugu wawili au watatu waende pia, kwa sababu damu ya kuongezewa inaweza kuhitajika.

Kuhusu gharama: Uganda iliondoa ada katika vituo vya afya vya serikali mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia. Uliza kituoni kwanza kabla ya kuuza mgao wako ili ulipie kliniki ya binafsi.

7. KAMA MIMBA IMETHIBITISHWA KUFA NDANI YA KIZAZI

Kuna njia tatu, na mama anayo haki ya kuelezwa zote:
- Kusubiri mwili utoe wenyewe. Huweza kuchukua siku au wiki kadhaa.
- Vidonge vya kukaza kizazi ili kitoe. Huleta maumivu na damu kama hedhi kubwa.
- Kusafishwa kwa kifaa cha kuvuta, kazi ya dakika chache kwa mtaalamu.

Daktari atashauri kulingana na hali yako, damu yako na umbali wa nyumba yako. Mama anayekaa mbali na kituo, ambako usiku hakuna usafiri, aseme jambo hilo wazi.

Usinunue vidonge hivyo dukani ukanywa mwenyewe. Kama mimba iko nje ya kizazi, havitakusaidia, na utapoteza muda wakati mrija unapasuka. Usiingize majani wala kitu chochote ukeni. Na mama yeyote anayetoka damu baada ya mimba kutoka, kwa sababu yoyote ile, ana haki ya kutibiwa. Usijifiche ndani ukaozea damu kwa kuogopa maswali.

8. NANI ALAUMIWE?

Kati ya mimba 100 zilizojulikana, 10 hadi 20 hutoka zenyewe, nyingi kabla ya miezi mitatu. Hii ni duniani kote, kwa matajiri na maskini. Karibu nusu ya hizo za mwanzo ni kwa sababu mtoto alianza na hesabu mbaya ya kromosomu, yaani nyuzi za urithi tunazopata kwa baba na mama. Mtoto huyo asingeweza kukua hata mama angelala kitandani siku zote.

Kwa hiyo hakutoa mimba kwa kubeba jeri la maji, wala kwa kugombana na mumewe, wala kwa jicho la jirani, wala kwa kupimwa ekografi. Mama mkwe, usimwambie kizazi chake ni kibovu. Baba, maneno yako wiki hiyo atayakumbuka maisha yote.

Yapo hata hivyo magonjwa yanayodhuru mimba na ambayo tunaweza kuyazuia: malaria, kaswende, kisukari. Lala ndani ya chandarua. Ukipata homa, pima malaria siku hiyo na mwambie mhudumu kwamba una mimba. Pima kaswende wewe na mumeo. Inatibika kwa sindano. Acha pombe na tumbaku.

9. MIMBA IJAYO

Mama aliyepoteza mimba moja ana matumaini makubwa. Mara nyingi, kama mama 8 kati ya 10, mimba inayofuata hufika mwisho mzuri. Akipoteza mara mbili au tatu mfululizo, apelekwe kwa daktari achunguzwe pamoja na mumewe.

Ashike mimba lini? Yai linaweza kutoka ndani ya wiki 2 baada ya mimba kutoka, kabla hedhi haijarudi. Basi kama hamko tayari, anzeni uzazi wa mpango mapema. Kama mko tayari, mama awe amepona, damu iwe imekauka, amepata angalau hedhi moja ili tarehe zihesabike, na ametibiwa upungufu wa damu. Kwa mimba zabibu, au kama alipewa dawa ya mimba ya nje ya kizazi, angoje mpaka daktari aseme.

Huzuni nayo ni kidonda. Kulia ni sawa, na baba pia analia. Lakini mama akipitisha wiki nyingi bila kulala, bila kula, au akisema afadhali afe, mleteni kituoni. Yupo mtu wa kumsikiliza.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

Someni kwa sauti kwa wasiojua kusoma, kisha mjibu pamoja.

Swali la 1. Mama ana mimba ya wiki 5 na siku 4. Alipimwa juu ya tumbo tarehe 18 Juni. Mfuko una milimita 12, mtoto haonekani. Hana maumivu. Shangazi yake anataka kumletea majani ya kusafisha. Mtamshauri nini?
Jibu: Asinywe. Mfuko uko chini ya milimita 25, mimba ni changa, na kipimo ni cha juu ya tumbo. Apimwe tena tarehe 2 Julai. Aelezwe dalili za hatari.

Swali la 2. Mama alipimwa, mfuko ulikuwa milimita 14 bila kifuko cha kiini wala mtoto. Baada ya siku 14 ukawa milimita 16, bado mtupu. Kuna tumaini?
Jibu: Mfuko mzima hukua karibu milimita 1 kwa siku, lakini huu umeongezeka 2 tu kwa wiki mbili, na mtoto hakuonekana. Mimba haitaendelea. Aulize njia tatu za matibabu na apewe faraja.

Swali la 3. Kipimo cha mkojo kina mistari miwili. Ekografi ilisema kizazi kitupu, arudi wiki ijayo. Usiku anashikwa na maumivu ya upande wa kulia na bega, anataka kuzimia. Mumewe anasema, "Tungoje asubuhi." Mtasema nini?
Jibu: Asingoje asubuhi. Hiyo ni mimba ya nje ya kizazi mpaka ithibitishwe vingine. Aondoke sasa hivi.

Swali la 4. Mama alisafishwa mimba zabibu miezi miwili iliyopita. Anajisikia mzima, amechoka kutembea kwenda kupimwa. Je, aache?
Jibu: Asiache. Kujisikia mzima si kipimo. Majirani wamsaidie kubaki na watoto siku hiyo ya kwenda.

Wapendwa, kumbukeni mambo matatu: hesabu wiki zako, tunza karatasi yako, na uliza tarehe ya kurudi kabla hujatoka kwenye chumba cha kipimo. Ukiwa na swali, mwite mhudumu wa afya wa kijiji chako. Ndiyo kazi yetu, na siri yako itabaki siri. Ukimaliza kusoma, mpe jirani naye asome.

Mhudumu wenu wa afya wa kujitolea, Nakivale